KUKU: TANGU KISU MPAKA SAHANI



Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, mikanda ya mashini na moshi wa baruti. Leo tutasema juu ya kuku. Wengine watacheka na kuuliza: «Kuku na usalama kazini, hao ni ndugu wa wapi?» Ni ndugu wa karibu sana. Mtu anayeendesha kamyo kubwa katika karieri, kama alihara usiku kucha, anafika kazini maji yamemwisha mwilini. Kichwa kinazunguka, macho yanaona giza, mikono inatetemeka. Kamyo haijui ya kuwa dereva wake alikula kuku mbaya jana. Na kama ekipi moja ya posti ya usiku ilikula chungu kimoja, hataanguka mtu mmoja. Wataanguka wote pamoja.

Iko sababu ya pili. Katika kambi na sité za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi, jamaa nyingi zinafuga kuku nyuma ya nyumba. Mama wengi wananunua kuku wazima, wanawachinja, wanawanyonyoa na kuwapeleka sokoni. Pesa hizo zinanunua unga, zinalipa minervali ya watoto, zinaongeza mshahara wa baba ambao haufiki mwisho wa mwezi. Hatuandiki leo ili mama hao waache kazi yao. Tunaandika ili wauze kuku ambaye mnunuzi atarudi kesho kuomba mwingine, wala si kuku atakayempeleka mtoto wa jirani hospitali.

KUKU MZIMA ANABEBA NINI?

Wengi wanafikiri hivi: kuku aliye mgonjwa ni mbaya, kuku anayekimbia na kula vizuri ni mzuri. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kuku mgonjwa haliwi. Lakini kuku mwenye afya naye anaweza kubeba ndani ya matumbo yake mikrobi ambazo hazimfanyi kitu yeye, bali zinamwangusha mtu. Mbili ndizo zinazojulikana zaidi: salmonela na kampilobakta. Hazionekani kwa macho, hazina harufu, hazigeuzi rangi ya nyama. Mtu hawezi kusema: «Nimenusa nyama hii, ni safi.» Pua inatambua nyama iliyooza. Haitambui salmonela.

Basi mikrobi zinakaa wapi? Zinakaa katika matumbo na katika mavi. Zinakaa pia juu ya manyoya na miguu, kwa sababu kuku analala na kukanyaga juu ya mavi yake, zaidi sana akifungwa na wenzake katika kizimba kimoja kwa safari ndefu. Tangu hapo kazi yote ya kutengeneza kuku ni moja tu: yaliyo katika matumbo na juu ya manyoya yasifike juu ya nyama. Na kama yamefika, yasipate wakati wa kuzaana. Na kama yamezaana, moto uyaue kabla ya mtu kula. Milango ni mitatu. Ukiacha mmoja wazi, bado iko miwili. Ukiacha yote mitatu wazi, usimlaumu mchawi.

BABU ZETU WALIKULA HIVYO HIVYO

Neno hili tunalisikia kila mara: «Babu zetu hawakujua mikrobi, walikula kuku na hawakufa.» Hatukatai. Lakini tuangalie vizuri babu alifanya nini. Mgeni alifika. Babu alikamata kuku mmoja, wa nyumbani kwake. Bibi alimchinja, alimnyonyoa, alimtia chunguni papo hapo, na jioni ile ile kuku aliisha. Tangu kisu mpaka moto yalipita masaa mawili, pengine chini ya hapo. Maji ya kunyonyolea yalikuwa ya kuku mmoja tu, kisha yakamwagwa.

Leo mambo ni mengine. Mama mmoja anachinja kuku 30 kabla ya jua kutoka. Wametoka vijiji mbalimbali, ao wamekuja kwa kamyo. Wote wanaingia katika maji ya moto yale yale, kisha katika beseni moja la kuoshea. Maji ya beseni yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na bado yanaitwa maji ya kusafishia. Kama katika kuku 30 ni mmoja tu aliyekuwa na salmonela, beseni lile linaweza kuwagawia wenzake 29. Aliyeingia mchafu hatoki safi, na aliyeingia safi anatoka mchafu. Kisha wanalala juu ya meza, juani, wanangoja mnunuzi mpaka jioni. Tusiseme basi ya kuwa tunafanya kama babu.

HESABU YA MASAA

Salmonela ikipata joto linaloifaa na unyevu, moja inaweza kuwa mbili kwa muda wa dakika 20 hivi. Fanyeni hesabu pamoja na watoto wenu wa shule. Baada ya saa 1, mikrobi 1 imekuwa 8. Baada ya masaa 2 ni 64. Baada ya masaa 3 ni 512. Baada ya masaa 4 ni zaidi ya 4.000. Baada ya masaa 7 ni zaidi ya milioni 2. Masaa 7 ndiyo muda wa kuku aliyechinjwa alfajiri, akauzwa mchana, akapelekwa nyumbani katika saashe nyeusi.

OMS, ndiyo Shirika la Afya la Dunia, linafundisha ya kuwa hatari iko kati ya digri 5 na digri 60. Chini ya digri 5 mikrobi nyingi zinalala. Juu ya digri 60 haziwezi kuzaana, na chakula kikifika digri 70 mpaka ndani kabisa, karibu zote zinakufa. Kwetu Katanga, mwezi wa 10 kabla ya mvua kukolea, meza ya sokoni iko katikati ya hatari hiyo kutwa nzima.

UGONJWA UNAKUJA LINI?

Watu wanalaumu mara nyingi chakula cha mwisho walichokula. Si lazima kiwe hicho. Kila mikrobi ina saa yake:

– Masaa 1 mpaka 6 baada ya kula: kutapika kwa nguvu, tumbo kukata. Pengine ni stafilokoki. Mara nyingi hiyo haitoki kwa kuku, inatoka kwa mtu: kidole chenye kidonda ao jipu, pua, chafya. Sumu yake haiishi kwa kupasha chakula moto tena.

– Masaa 6 mpaka 24: tumbo kukata na kuhara, homa hakuna ao ni ndogo. Pengine ni mikrobi ya chungu kilichopikwa jioni, kikaachwa vuguvugu usiku kucha. Mbegu zake zinavumilia kupikwa, na nyama ikipoa polepole zinaamka na kuzaana.

– Masaa 6 mpaka 72: homa, kuhara, kichwa kuuma, kutapika. Pengine ni salmonela.

– Siku 2 mpaka 5: homa na kuhara, mara nyingine pamoja na damu. Pengine ni kampilobakta. Mara chache sana, majuma machache baadaye, miguu ya mgonjwa inalegea. Hapo ni kukimbia hospitali.

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika pasipo kupima, kwa maana homa na kuhara vinaweza kutoka pia kwa malaria, kwa tifoidi ao kwa kipindupindu. Lakini ukifika dispanseri, useme ulikula nini siku 5 zilizopita, wapi, na nani mwingine aliugua. Maneno hayo yanatusaidia sana.

Msifikiri ni ugonjwa wa kucheka. Mwaka 2015 OMS lilitoa hesabu yake: kila mwaka katika dunia watu milioni 600 wanaugua sababu ya chakula kibaya, na 420.000 wanakufa. Katika hao waliokufa, 125.000 ni watoto wasiofika miaka 5. Katika Afrika ni zaidi ya milioni 91 wanaougua na 137.000 wanaokufa. Mtu mzima mwenye nguvu atahara siku tatu, kisha atarudi kazini. Lakini mtoto mchanga, mzee, mama mwenye mimba, mtu mwenye ukimwi, mtoto aliyelegea sababu ya malaria ao njaa, hao hawana akiba. Mikrobi inaweza kuingia katika damu yao.

KAZI YA KUCHINJA, HATUA KWA HATUA

Sasa tuingie kazini. Tunasema mambo ambayo mama wa kambi anaweza kuyafanya kwa vyombo alivyo navyo.

1. Kumchagua kuku. Kuku aliyejikunja, mwenye manyoya yaliyosimama, anayehara ao kupumua kwa shida, hauzwi na haliwi. Aliyekutwa amekufa, hata kama bado ana joto, ni wa kuzikwa.

2. Kumfungia chakula. Usimpe chakula masaa 8 mpaka 12 kabla ya kumchinja, ila maji apewe. Matumbo yakiwa matupu hayapasuki upesi, na mavi hayamwagiki juu ya nyama. Wengine wanawajaza kuku mahindi usiku ule ili wawe wazito. Faida hiyo ni ya kamba ya matumbo tu, na hatari inabaki katika nyama.

3. Kuuliza dawa. Kama kuku alipewa dawa ya antibiotiki, kibandiko cha dawa kinasema ni siku ngapi za kungoja kabla ya kumchinja. Siku hizo ni sheria. Ukichinja mapema, dawa inabaki katika nyama, na walaji wanakula dawa pasipo kuugua. Tena, kuwapa kuku antibiotiki ovyo kunafundisha mikrobi kuizoea. Kesho mtoto wako ataugua, na dawa ile haitafanya kazi.

4. Kuchinja na kuchuruzisha damu. Mtundike kuku miguu juu, kichwa chini, mpaka damu iishe. Usimtupe chini agaegae katika vumbi na mavi.

5. Maji ya moto. Yasichemke. Yawe yanatoa moshi, mkono hauwezi kuyavumilia, kama digri 60 hivi. Nusu dakika mpaka dakika moja inatosha. Vuta unyoya wa bawa, ukitoka kwa urahisi, mtoe. Maji yakichemka, ngozi inapikwa na kuraruka, na mikrobi zinapata mlango. Maji hayo yabadilishwe mara kwa mara. Yakiwa mazito na machafu, kama ni kuku wa tano ao wa sita, yamwagwe. Makala ni ghali, tunajua. Basi tumieni sufuria ndogo yenye maji machache, muibadilishe upesi, kuliko pipa kubwa la kutwa nzima.

Hapa neno moja kwa wafanya kazi wenyewe: pipa lililobeba asidi, dawa za kusafisha madini ao mafuta ya mashini lisitoke kazini kwenda nyumbani kuwa chungu cha kuku. Hata ukiliosha mara kumi, si chombo cha chakula. Na kubabua vinyoya vya mwisho kufanywe kwa makala yaliyowaka vizuri, si kwa mpira wa gari wala kwa masaashe. Moshi wake unaacha sumu juu ya ngozi ya kuku, na mama mwenyewe anaivuta.

6. Kupasua. Hii ndiyo hatua kubwa. Kata kidogo tu, toa matumbo polepole pasipo kuyatoboa. Usipasue nyongo. Kama utumbo umetoboka, kata na kutupa sehemu iliyochafuka, na uoshe kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kuku mwingine. Kazi ya kunyonyoa na kazi ya kupasua zisifanyike juu ya meza moja. Kama muko wawili, mmoja anyonyoe, mwingine apasue, wasibadilishane pasipo kunawa.

7. Kuosha nyama. Beseni likae kando. Kuku aoshwe kwa maji safi yanayotiririka: ya robine, ao ya bidoni lililotobolewa chini, ao jirani amimine kwa kopo. Maji yanayotiririka yanaondoka na uchafu. Maji ya beseni yanautunza.

8. Mikono. Sabuni kabla ya kuanza, baada ya choo, baada ya kushika matumbo, baada ya kushika pesa. Mwenye kidonda ao jipu mkononi, mwenye kuhara, apumzike siku hizo, ao afanye kazi ya kuhesabu pesa.

9. Takataka. Manyoya, damu na matumbo yazikwe katika shimo, mbali na kisima na mbali na mtaro. Yakitupwa, mbwa na inzi watayarudisha jikoni.

Mwisho wa kazi, meza na visu vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa maji yaliyotiwa Javel kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Javel juu ya uchafu haifanyi kazi. Na isichanganywe na asidi ao na dawa nyingine, maana inatoa hewa ya sumu.

SINA FRIGO, NIFANYE NINI?

Mama wengi wanatuuliza hivyo, na wana haki. Wengine wana frigo, lakini umeme wa SNEL unakatika siku nzima. Jibu letu ni hili: kuku hai haozi. Yeye mwenyewe ni frigo yake. Mwenye kukosa ubaridi asichinje kuku 30 alfajiri na kuwangoja wanunuzi. Apeleke kuku hai, ao achinje wale tu walioagizwa, watano watano, na mnunuzi awachukue papo hapo. Anayeuza kwa restora ao kwa kantini aseme mapema: «Mutapika saa gani?» Kisha ahesabu kurudi nyuma. Kati ya kisu na moto yasipite masaa mawili kama hakuna barafu.

Lakini soko la kuku hai nalo lina hatari yake. Mwaka 1997, katika Hong Kong, homa ya ndege ilitoka katika masoko ya kuku hai ikaingia kwa watu. Watu 18 waliugua, 6 wakafa, na serikali iliua kuku zaidi ya milioni 1 ili kuizima. Kwetu Kongo, mwaka 2017 homa ya ndege ya aina nyingine iliua bata na kuku huko Ituri. Kuku wakifa wengi kwa siku chache, mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle, ambao kwa mtu unaleta kidogo tu, kama macho mekundu. Lakini kwa macho matupu hakuna anayeweza kutenganisha Newcastle na homa ya ndege. Kwa hiyo sheria ni moja: kuku wakifa wengi, usichinje waliobaki haraka haraka ili kuokoa pesa, usiwauze usiku, usiwanyonyoe. Mwite mganga wa nyama. Anayeuza kuku anayekufa anauza hasara yake kwa jirani.

Mwenye barafu ao frigo, kuku apozwe upesi baada ya kuoshwa, asirundikwe bado na joto. Yule wa katikati ya rundo anabaki na joto masaa mengi. Barafu iwe ya maji safi, na maji yake yakiyeyuka yatoke chini ya sanduku, yasiwe beseni jipya.

KUKU WA BARAFU

Kuku wengine wanaoliwa mijini kwetu wanafika tayari wamegandishwa, wengi kwa njia ya Kasumbalesa. Wengi wanasema: «Barafu imeua mikrobi.» Hapana. Barafu inazilaza tu. Umeme ukikatika na nyama ikiyeyuka, zinaamka. Umeme ukirudi, nyama inakuwa ngumu tena kama jiwe, na mnunuzi hajui kitu. Angalieni saashe: kama chini kuna maji ya damu yaliyoganda, ao vipande vimeshikana katika donge moja, nyama hiyo ilikwisha kuyeyuka. Msinunue.

Nyumbani fanyeni hivi. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka kajiwe juu ya barafu, ukiache katika frigo ya kugandisha. Ukirudi kutoka safari na kukuta kajiwe kamezama chini ya kikombe, ujue umeme ulikatika muda mrefu na vyote viliyeyuka. Kajiwe hakasemi uwongo.

Hata ubaridi wa frigo ya kawaida una adui wake. Katika Afrika ya Kusini, mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya 1.000 waliugua listeria na zaidi ya 200 walikufa. Chanzo kilipatikana katika nyama ya soseji kubwa, polony, iliyokuwa tayari kuliwa pasipo kupikwa. Listeria inazaana polepole hata ndani ya frigo, na inawashambulia zaidi mama wenye mimba na watoto wachanga. Basi frigo ni msaidizi wa mganga, si mganga. Nyama ya tayari ipashwe moto vizuri, zaidi sana kwa mama mwenye mimba.

Kuyeyusha kuku wa barafu si juani juu ya bati. Ni usiku kucha katika sehemu ya chini ya frigo, ndani ya bakuli ili maji yake yasianguke juu ya vyakula vingine. Asiye na wakati, amweke ndani ya saashe isiyotoboka, katika maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, kisha apike mara moja.

JIKONI KWETU

Kuku aliyekwisha kuoshwa vizuri alipochinjwa, hana haja ya kuoshwa tena jikoni. Maji yanaruka na kurusha mikrobi juu ya sahani, juu ya nyanya na juu ya mtoto anayecheza karibu. Limao na siki vinatoa harufu, haviui salmonela. Kama lazima kuondoa kinyoya, fanya polepole ndani ya bakuli, kisha nawa.

Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate kitunguu cha kula kibichi kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Sahani iliyobeba kuku mbichi kwenda mbabula isimrudishe aliyeiva. Hapo wachoma nyama wengi wanaharibu kazi yote: moto umeua mikrobi, sahani imezirudisha.

Kuku apikwe mpaka nyama karibu na mfupa isiwe nyekundu, na maji yanayotoka ukichoma paja yawe meupe. Kuku wa mbabula anaweza kuungua nje na kuwa mbichi ndani. Afadhali kumchemsha kwanza, kisha kumchoma mara moja, pasipo kumwacha kati.

Kwa baba anayekwenda posti ya usiku: nyama ya gamela ipikwe karibu na saa ya kutoka, ao ichemshwe tena mpaka ivume, si kuvuguvugishwa. Chakula kilichobaki kigawanywe katika vyombo vidogo ili kipoe upesi, kiingie frigo kabla ya masaa mawili. Asiye na frigo apike kinachotosha. Bukari na sombe vinaweza kuwa vingi. Kuku awe wa leo.

MTU AKIHARA

Kinachoua katika kuhara ni kuishiwa maji. Anza nyumbani papo hapo. Saashe ya SRO ya dispanseri ni bora. Ukiikosa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, ni hatari kwa mtoto. Apewe kidogo kidogo, na akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Dispanseri inampa mtoto pia zinki kwa siku 10 mpaka 14.

Mlete mara moja kama kuna damu katika choo, homa kali, macho yaliyozama, mkojo uliokauka, kama mtoto hawezi kunywa ao amelegea, kama anatapika vyote, ao kama choo ni kama maji ya mchele na kinatoka mfululizo. Usinunue antibiotiki sokoni moja moja. Na wewe mfanya kazi, ukihara usipande kwenye mashini kwa kuogopa shefu. Umwambie, uje dispanseri. Siku moja ya kupumzika ni bei ndogo kuliko kamyo iliyoanguka.

TUSAIDIANE

Mnunuzi naye ana mkono katika mambo haya. Kama kila siku anatafuta kuku wa bei ya chini kabisa, hataki kumngoja mama abadilishe maji, anamfundisha mama kutumia beseni lile lile. Afadhali kulipa kidogo zaidi kwa mama ambaye maji yake unayaona yakitiririka. Wauzaji wa soko moja wanaweza kuchanga pesa za robine moja, shimo moja la takataka, na mahali pa kuchinjia palipotengwa na mboga na mikate. Kazi hiyo haimshindi mtu aliyezoea kuchanga likelemba.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa kuku, ufa ni mdogo: maji yaliyobadilishwa, mikono iliyonawa, masaa yaliyohesabiwa, moto uliofika mfupani. Mama wa kambi, kata ukurasa huu, ubandike karibu na mbabula. Baba anayejua kusoma awasomee wasiojua. Na mwenye ulizo aje dispanseri, hata kama hana mgonjwa. Tutafurahi kujibu.